Rais Muntu, Sokwe wa Rubondo na Kalamu Yetu

Tarehe 1 Aprili 2001, siku ya wajinga, watazamaji wa televisheni ya Fox huko Marekani walipelekwa Tanzania bila kukata tiketi. Waliowapeleka ni Homer, mkewe Marge na watoto wao Bart, Lisa na Maggie, ile familia ya watu wa njano katika katuni iitwayo The Simpsons. Sehemu ya siku hiyo ilipewa jina la "Simpson Safari". Neno la kwanza ni lao, la pili ni letu. Hilo la pili walilichukua siku nyingi, wala hatukuwahi kulidai.

Kisa chenyewe, kwa ambaye hakukiona, ni hiki. Vijana wanaowafungia wateja bidhaa dukani wamegoma, na nyumba ya Homer imekauka chakula. Homer anapanda darini, anakuta boksi kuukuu la biskuti zenye maumbo ya wanyama. Ndani mna mnyama wa dhahabu, na mnyama huyo anawapatia safari ya Afrika. Wakiwa angani, mhudumu wa ndege anatangaza kuwa wanakaribia kutua Tanzania. Mara analetewa karatasi, anajisahihisha: sasa nchi inaitwa Zanzibar Mpya. Karatasi nyingine inaingia: jina limebadilika tena, na safari hii limetanguliwa na jina la kampuni ya soda.

Chini wanapokewa na mwongoza watalii aitwaye Kitenge. Wanaona wanyama, wanatembelea Wamaasai, Homer anamchokoza kiboko, familia inakimbilia mtoni ikielea juu ya ngao na kuporomoka na Maporomoko ya Victoria. Halafu wanafika kwa mama wa Kizungu, Dk. Joan Bushwell, anayeishi porini akichunguza sokwe. Kumbe mama huyo anawatumikisha sokwe wake katika mgodi wa almasi! Anawapoza wageni kwa almasi ili wafunge midomo, nao wanafunga. Wakati wa kurudi, anayewahudumia kwenye ndege ni Rais Muntu aliyepinduliwa, na aliyeshika nchi sasa ni Kitenge yule yule.

Dakika ishirini na kitu, kwisha habari.

KICHEKO NI WARAKA

Najua kijiweni watasema: bwana wee, katuni tu hiyo, tucheke tuendelee. Sawa, tucheke. Lakini ndugu msomaji, mchekeshaji hafundishi mambo mapya. Anagusa kilichomo tayari kichwani mwa anayemsikiliza. Ukimtania Mhaya mbele ya Msukuma huna haja ya kueleza kwanza Mhaya ni nani. Utani umeshajengewa nyumba, wewe unabisha hodi tu. Ndiyo maana kicheko ni waraka wa historia. Kinatuonyesha watu fulani, mwaka fulani, walikuwa wamebeba picha gani vichwani.

Na picha ile haikuzaliwa 2001. Mwaka 1959 Mjerumani Bernhard Grzimek alitoa filamu yake ya Serengeti, ikapata tuzo ya Oscar. Mwaka 1962 ikatoka "Hatari!", ambayo John Wayne aliiigiza huku Tanganyika akikimbiza vifaru na twiga kwa gari. Mwaka 1994 Disney wakaleta "The Lion King", yenye simba aitwaye Simba na nyani aitwaye Rafiki. Baadaye kampuni hiyo ikasajili maneno "hakuna matata" kuwa alama yake ya biashara kwenye nguo. Weka na magazeti yaliyomwonyesha dada wa Kiingereza akikaa na sokwe Kigoma. Changanya vyote kwenye chungu kimoja, utapata Tanzania ya Homer: wanyama wengi, Mmaasai amesimama kwa mguu mmoja, Mzungu mwenye elimu, na mwenyeji mmoja wa kubeba mizigo.

Nchi isiyo na watu haikutokea kwenye filamu tu. Mwaka huo huo wa 1959 Serengeti ilimegwa, Wamaasai wakatolewa ndani ya hifadhi na kupelekwa upande wa Ngorongoro. Kwa hiyo pori tupu analoliona mtazamaji liliwekwa tupu kwa amri. Kamera ilifuata nyuma ya karani.

Ila jambo lililonifanya nishike kalamu ni jingine. Kila utani wa sehemu ile umeangukia jirani kabisa na kisa cha kweli cha kwetu, na kila mara kisa chetu ni kikali kuliko utani. Walirusha jiwe gizani, likatua kwenye paa la nyumba yetu. Tuutazame utani mmoja mmoja.

JINA LA NCHI, JINA LA MAJI

Utani wa kwanza ni ule wa jina linalobadilika ndege ikiwa hewani. Mmarekani anacheka: hizi nchi za Afrika, leo hili kesho lile. Lakini hesabu mwenyewe. Mtu aliyezaliwa Busisi mwaka 1910 alizaliwa katika Afrika ya Mashariki ya Wajerumani. Akiwa mtoto, Waingereza wakaiita nchi yake Tanganyika. Mwaka 1961 ikawa Tanganyika huru, mwaka 1962 ikawa jamhuri. Tarehe 26 Aprili 1964 ikawa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, na kabla mwaka huo haujaisha ikawa Tanzania. Mtu huyo hakupanda ndege hata siku moja, tena huenda hakuvuka ghuba kwenda Mwanza zaidi ya mara kumi, lakini nchi ilibadilika jina chini ya miguu yake kama kwenye katuni.

Tena jina la mwisho lilipatikana kwa shindano! Wananchi waliambiwa watume mapendekezo, na kijana mwanafunzi, Mohammed Iqbal Dar, akatangazwa mshindi na kupewa zawadi. Mwenyewe alieleza kwamba alichukua herufi za mwanzo za Tanganyika na za Zanzibar, akaongeza "i" ya Iqbal na "a" ya Ahmadiyya, jumuiya yake ya dini. Uuzeni huo kwa mwandishi wa katuni, ataona umezidi chumvi.

Na kampuni ya soda? Hapo wametupata. Pita barabara ya Sengerema uangalie vibao vya maduka: jina la mwenye duka dogo pembeni, jina la soda kubwa katikati. Vibao vya shule nyingi ni hivyo hivyo. Ligi yetu kuu ya mpira iliwahi kuitwa kwa jina la kampuni ya simu, Vodacom, na tangu 2021 inaitwa kwa jina la benki ya NBC. Tusijifanye hatujui.

Lakini liko jina moja ambalo wachekeshaji hawakuligusa, maana ni la kwao. Tarehe 3 Agosti 1858 John Hanning Speke alifika upande wa Mwanza, akayaona maji haya tunayoyaoga na kuyavua, akayapa jina la malkia wake. Alikaa siku chache, akageuka kurudi Tabora. Wenyeji walikuwa wanasema nyanza, na wafanyabiashara wa pwani walisema bahari ya Ukerewe. Hayo hayakuandikwa kwenye ramani kubwa. Miaka mitatu kabla, David Livingstone alikuwa ameyapa maporomoko ya mto Zambezi jina la malkia huyo huyo. Leo maporomoko hayo yako baina ya Zambia na Zimbabwe, wala hakuna mto wa Tanzania unaoweza kukuangusha pale ukiwa juu ya ngao. Mwenye katuni kachanganya, lakini kwa nini asichanganye? Ukibandika jina la bibi mmoja kwenye ziwa na kwenye maporomoko yaliyoachana zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano, usishangae mgeni akidhani ni nyumba moja.

Fungua ramani ya upande wetu: mashariki Ghuba ya Speke, magharibi Ghuba ya Emin Pasha, na maji yanayotenganisha Kigongo na Busisi ramani za zamani zinayaita Smith Sound. Nani huko sokoni anamjua Smith? Utani wa jina linaloshushwa kutoka juu na mtu mwenye karatasi ni wa kweli kabisa. Wamekosea tu nani alikuwa ameishika karatasi.

MWONGOZA WATALII ANAKUWA RAIS

Utani wa pili ni wa Muntu na Kitenge. Kwanza cheka majina. Muntu, kwa lugha nyingi za Kibantu, ni mtu. Kwa hiyo rais wetu aliitwa Mheshimiwa Mtu. Na Kitenge, kwa mama yeyote wa Busisi, ni nguo ya kwenda nayo harusini, ingawa watu wenye jina hilo wapo kweli na hawana tatizo nalo.

Rais Mtu ni dikteta, anapinduliwa, basi. Mwaka 2001 ukweli ulikuwaje? Nyerere alikuwa ameachia urais mwaka 1985 kwa hiari yake. Mwinyi alikaa vipindi vyake viwili, akaondoka 1995. Mkapa alikuwa ameanza kipindi cha pili. Hakuna aliyeishia kugawa soda kwenye ndege. Mtu angeweza kuishia hapo, akapiga kifua na kusema: ona walivyo wajinga, hawatujui.

Pole pole, mwenzangu. Tarehe 26 na 27 Januari 2001, miezi miwili tu kabla ya katuni ile kuonyeshwa, wafuasi wa CUF waliandamana Zanzibar kupinga uchaguzi wa Oktoba 2000, na polisi wakawapiga risasi, hasa Pemba. Watu zaidi ya 30 waliuawa. Wengine zaidi ya elfu mbili walivuka bahari kwenda Shimoni, Kenya, na Tanzania iliyozoea kupokea wakimbizi ikatoa wakimbizi wake. Unaona? Mchekeshaji aliyetaka kutania utawala wa Tanzania hakujua kwamba wakati katuni yake inaonyeshwa, kulikuwa na damu mbichi. Alitania dikteta ambaye hayupo, akaipita maiti iliyopo. Picha ya kukopa inatutukana kwa tusiyoyatenda, na tunayoyatenda inayaacha yapite kimya. Mtawala yeyote angefurahi kutaniwa namna hiyo, kwa sababu utani usiomjua haumchomi.

Na kuhusu mapinduzi ya usiku mmoja, watu wa upande wetu wana kisa chao kizuri zaidi. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni iliweka Geita baraza la wilaya la mchanganyiko wa Waafrika, Wazungu na Wahindi. Wakulima wakauliza: Wazungu wangapi wanalima pamba Geita? Nani alituuliza? Wakati huo matawi ya TANU yalikuwa yamefungwa Usukumani tangu 1954, lakini ushirika wa pamba ulikuwa umewafundisha watu kukaa pamoja na kuhesabu. Paul Bomani na wenzake walikuwa wameunganisha vyama vya ushirika mpaka vikawa na nguvu ya kubishana na wenye vinu. Basi watu kwa maelfu wakatoka Geita kwenda Mwanza kumwona mkuu wa jimbo. Polisi waliwatawanya kwa mabomu ya machozi, lakini baraza lile halikudumu.

Hakuna Kitenge pale. Hakuna shujaa mmoja anayelala mwongoza watalii na kuamka rais. Kuna watu wengi, jembe, mikutano ya usiku na miguu yenye malengelenge. Kwa katuni ni kazi kuichora hiyo. Kwa mwandishi wa riwaya ni dhahabu, nayo iko pale pale juu ya ardhi.

SOKWE WALIOKUJA KWA MELI

Sasa tufike kwa Dk. Bushwell. Kila mtazamaji alijua anayetaniwa ni Jane Goodall, aliyefika Gombe, Kigoma, Julai 1960 akiwa na miaka 26, na aliyefariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91. Kumfanya mwenye mgodi wa sokwe ni utani wa kupindua: mwema anageuzwa mwovu. Kweli ya Gombe ni tofauti. Aliona mwaka ule ule wa 1960 kwamba sokwe huchomeka majani kwenye kichuguu ili kuvua mchwa, na wasomi wakalazimika kufikiri upya maana ya chombo, na maana ya mtu.

Lakini angalia nani hayumo kwenye katuni. Mei 1975 waasi waliovuka Ziwa Tanganyika kutoka Zaire waliwateka vijana wanne waliokuwa wakifanya utafiti Gombe. Kiongozi wa waasi hao aliitwa Laurent Kabila. Miaka 22 baadaye, mwaka 1997, alikuwa rais wa Kongo. Haya basi, utani wa mtu wa porini anayekuwa rais ulikwisha kutokea, tena kwenye fukwe hizo hizo za sokwe!

Baada ya utekaji ule wanafunzi wa kigeni waliondolewa. Je, utafiti ulikufa? Haukufa. Wanaume wa vijiji vya Kigoma waliokuwa wasaidizi ndio waliobaki kuwafuata sokwe milimani kutwa nzima, wakiandika nani kala nini, nani kapigana na nani, nani kazaa. Waliandika kwa Kiswahili. Mwenzangu unayelalamika kwamba Kiswahili hakina maandishi ya sayansi, zipo kurasa kwa maelfu kuhusu maisha ya sokwe, siku baada ya siku, zilizoandikwa kwa lugha yako na watu ambao hawakumaliza shule. Katika "Simpson Safari" wamo sokwe na yumo Mzungu. Aliyeshika kalamu hayumo.

Na sasa njoo kwetu ziwani. Magharibi ya Busisi, mbele ya Geita, kiko kisiwa cha Rubondo. Kuna sokwe kule. Sokwe gani? Hawakuwa wa asili ya ziwa hili. Kati ya 1966 na 1969 yule yule Grzimek wa filamu ya Serengeti alisimamia kuletwa kwa sokwe 17 hivi kutoka Ulaya. Walikuwa wamekamatwa wangali wadogo Afrika Magharibi, wakafungiwa kwenye mabustani ya wanyama ya Wazungu. Wakapakiwa melini, wakashushwa Rubondo, milango ikafunguliwa. Waliporudi msituni baadhi walikuwa wamezoea watu kupita kiasi, na madume mawili wakorofi ilibidi yapigwe risasi. Waliobaki wakajifunza kula matunda ya msituni, kulala juu ya miti, kuogopa watu. Wakazaana. Rubondo ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1977.

Kabla ya hapo kisiwa kilikuwa na wenyewe, wavuvi na wakulima. Walihamishwa katika miaka ile ile ya 1960 ili kisiwa kiwe cha wanyama. Soma tena taratibu: watu wa ziwa wanatolewa kisiwani, sokwe wa Ulaya wanaingizwa. Homer angekuwa ameandikiwa hilo, watazamaji wangesema mwandishi kazidisha. Sisemi sokwe wale wana kosa. Na wao walinyang'anywa kwao, wakarudishwa mahali ambapo si kwao. Kati ya mvuvi aliyehamishwa na sokwe aliyeshushwa, wote wawili waliamuliwa na mtu wa tatu. Hapo pana tamthiliya nzima, wala sijui kwa nini bado hatujaiona jukwaani.

Imebaki almasi. Porini kwa Bushwell almasi ni siri. Kwetu haikuwa siri. Mwaka 1940 John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aliigundua Mwadui, Shinyanga. Mwaka 1947 ikachimbuliwa almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, akampa Binti Mfalme Elizabeth zawadi ya harusi. Ikachongwa ikabaki karati 23.6, ikawa kitovu cha ua alilolivaa kifuani. Alilivaa baada ya kuwa malkia. Kilembwe wa yule bibi mwenye ziwa akavaa jiwe la Shinyanga, na waliolichimba hawakuwamo pichani. Utani wa katuni ni kwamba wageni walipokea almasi wakanyamaza. Mimi sina la kuongeza hapo.

KUKASIRIKA AU KUANDIKA

Mwaka mmoja baada ya safari ya Tanzania, Machi 2002, familia ile ile ilikwenda Brazili. Ikaonyeshwa Rio yenye panya, vibaka na nyani wanaozurura mitaani. Ofisi ya utalii ya mji huo ikaja juu, ikatishia kuwashitaki Fox. Mtayarishaji akaomba radhi kwa namna ya kutania, mambo yakaisha. Katuni ikazidi kujulikana.

Sisi nasi tumepitia hayo, si kwa katuni bali kwa filamu. Mwaka 2004 Hubert Sauper alitoa "Darwin's Nightmare" kuhusu sangara wa Mwanza, ndege zinazobeba minofu, watoto wa mitaani na mapanki yanayoanikwa. Ikateuliwa kuwania Oscar. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliikemea hadharani, na Mwanza watu wakaandamana kuipinga. Nawaelewa waliokasirika: mji mzima ulipunguzwa ukawa jalala moja. Nawaelewa pia waliosema njaa ile ipo. Lakini baada ya maandamano nani wetu aliandika riwaya ya sangara? Samaki aliyeletwa kutoka nje katika miaka ya 1950 na 1960, akawala furu mpaka aina nyingi zikapotea, akajenga viwanda, akamwondoa mama muuza samaki sokoni kwa sababu minofu ilikuwa ikiruka Ulaya. Tulikasirika vizuri. Kuandika tukasahau.

Wala tusiseme hatuna asili ya mambo haya. Christian Gregory alimchora Chakubanga kwenye gazeti la Uhuru, na taifa zima likajiona mle. Gazeti la Sani lilitupa Madenge, mtoto mtukutu ambaye Bart akija kwake atarudi analia, na Ndumilakuwili na Lodi Lofa, watu tuliowajua mtaani kwa sura. Nao, tuwe wakweli, walitaniwa mara nyingi kwa ushamba wao. Mtu wa mjini alimchora mtu wa kijijini kama Mmarekani anavyomchora Mtanzania. Dhambi hiyo haina kabila wala pasi ya kusafiria. Unapoandika kuhusu mvuvi wa kisiwani ukiwa umekaa Dar, jiulize kama na wewe hujamwita Kitenge.

Walikuwepo pia wale wa kutafsiri filamu, kama Lufufu, aliyechukua picha za Wamarekani na Wachina akazimwagia Kiswahili chake. Anaeleza, anatania, anaongeza jina la mtaa, anamfundisha jambazi wa Hong Kong maneno ya Manzese. Walikaa kibandani watu mia, picha ni ya mgeni, lakini masikio yalikuwa kwa Lufufu. Hiyo ilikuwa njia yetu ya kwanza ya kujibu: picha hatuna, sauti tunayo. Sasa watoto wana Ubongo Kids, katuni iliyoanza kurushwa kutoka Dar es Salaam mwaka 2014, inayozungumza Kiswahili na kufundisha hesabu. Picha nazo tumezipata. Kilichobaki ni kisa cha watu wazima, cha familia iliyokaa mezani, yenye baba mzembe, mama mwenye akili, na shida ya kweli.

Mnataka mahali pa kuanzia? Juni 2025 lilifunguliwa daraja la kilomita 3 kutoka Kigongo hadi Busisi, lililopewa jina la John Magufuli. Miaka na miaka magari yalipanga foleni kusubiri kivuko, na foleni ile ilisomesha watoto: samaki wa kukaanga, mahindi ya kuchoma, chai ya saa kumi alfajiri, mgonjwa anayeomba apitishwe mbele. Sasa gari linapita juu dakika chache, dereva hata hapungui mwendo. Mgonjwa anawahi Bugando, alhamdulillahi. Na mama aliyekuwa anamuuzia dereva samaki? Familia yake inakula nini jioni hii, na inamtania nani, na wakimaliza kucheka wanasemaje? Nchi nzima imo kwenye sahani hiyo, faida na hasara yake kwa pamoja.

Mmarekani hawezi kuiandika, wala si kwa sababu ni mbaya. Hakuwahi kusimama kwenye foleni. Aliyesimama ni wewe. Basi usiniletee tena hadithi inayoanza na jua likizama nyuma ya mbuyu na simba akinguruma kwa mbali. Hiyo Homer ameshaiona, kwa dakika ishirini na kitu. Niletee mzee wa Rubondo siku anayoona meli inashusha sokwe mahali palipokuwa na shamba lake. Niletee mtu wa Kigoma na daftari lake, mvua inanyesha, anamalizia sentensi.